Kiharusi kikipiga: Seli zinazofunga mpaka ndani ya ubongo

NI saa tano asubuhi. Mfanyabiashara wa vitenge yuko kwenye foleni ya forodha, nyaraka mkononi, mzigo wake tayari umekaguliwa. Ghafla karatasi zinamdondoka. Anainama kuziokota, lakini mkono wa kulia haumtii. Anajaribu kumwita kijana anayembebea mzigo. Maneno yanatoka yameburuzika kama ya mlevi.

Wenzake wanamkalisha kivulini. Mmoja anasema ni jua. Mwingine anasema ni presha, itashuka. Wa tatu anashauri apewe soda, apumzike, na jioni apandishwe basi arudi kwao.

Tukio la namna hii linaweza kutokea Namanga, Busia, Tunduma, Rusumo au mpaka wowote wa ukanda huu. Wakati watu wanabishana kivulini, ndani ya fuvu la mgonjwa kazi kubwa imekwisha kuanza. Kuna seli zinazokimbilia palipoharibika, zinazozoa mabaki ya seli zilizokufa na kuanza kujenga boma ili madhara yasisambae.

Kwa zaidi ya karne moja seli hizo zilihesabiwa kama vibarua wa ubongo, watu wa kubeba na kufagia. Utafiti wa miaka 20 na ushei iliyopita umebadilisha mtazamo huo. Umeonyesha kwamba seli hizo huokoa, na seli hizohizo huweza kuumiza. Kinachotenganisha mambo hayo mawili, kwa sehemu kubwa, ni muda.

Zaidi ya gundi

Ubongo wa mtu mzima una seli za neva zipatazo bilioni 86. Hizo ndizo zinazopitisha ujumbe: zinazokuwezesha kuhesabu chenji, kukumbuka sura ya mteja na kuinua mguu. Pembeni yake kuna kundi jingine la seli, idadi yake ikikaribiana nazo. Vitabu vya zamani vilidai kwamba kundi hilo ni kubwa mara kumi zaidi, hadi mtafiti wa Brazil, Suzana Herculano-Houzel, na wenzake walipozihesabu upya na kutangaza matokeo mwaka 2009.

Daktari wa Kijerumani Rudolf Virchow ndiye aliyelipa kundi hilo jina, mwaka 1856. Aliliita neuroglia, yaani gundi ya neva, kwa kuwa aliliona kama kitu cha kushikilia tu. Jina la glia limebaki hadi leo, ingawa kazi yake imeonekana kuwa pana kuliko gundi.

Kuna aina tatu kuu. Ya kwanza ni astrosaiti, seli zenye umbo la nyota. Miguu yake imekumbatia mishipa midogo ya damu, na mikono yake imezigusa seli za neva. Husaidia kuzilisha, kusawazisha chumvi na maji, na kuondoa kemikali zilizozidi.

Aina ya pili ni maikroglia, askari wa doria wa ubongo. Mhispania Pío del Río-Hortega alizitambua kama kundi linalojitegemea mwaka 1919. Ya tatu ni oligodendrosaiti, zinazoviringisha nyuzi za neva kwa ala ya mafuta iitwayo maelini, kama plastiki inavyofunika waya wa umeme ili moto usipotee njiani.

Wafanyabiashara wa mpakani hawahitaji kufundishwa sana namna ubongo unavyojilinda. Si kila kilichomo kwenye damu huruhusiwa kuingia. Kuta za mishipa ya damu kichwani zimebana kuliko kwingine mwilini, zikifanya kazi kama kituo cha forodha: oksijeni na sukari hupita, vijidudu na sumu nyingi hurudishwa. Astrosaiti ni miongoni mwa watumishi wanaokiweka kituo hicho katika hali ya kufanya kazi.

Dakika za kwanza

Kiharusi huja kwa njia mbili. Ama mshipa wa damu unazibwa na bonge la damu, au mshipa unapasuka na damu kumwagika ndani ya ubongo. Ya kwanza ndiyo inayotokea zaidi duniani, lakini barani Afrika viharusi vya kupasuka mshipa huchukua sehemu kubwa kuliko katika nchi tajiri, na shinikizo la juu la damu lisilotibiwa ni sababu kubwa.

Ubongo ni takriban asilimia 2 tu ya uzito wa mwili, lakini hutumia kiasi cha asilimia 20 ya oksijeni. Tena hauna ghala la kuhifadhi. Njia ya damu ikikatika, njaa huanza papo hapo.

Mwaka 2006 daktari Jeffrey Saver wa Los Angeles, Marekani, alipiga hesabu ya hasara hiyo. Katika kiharusi cha kawaida cha kuzibwa kwa mshipa mkubwa, kila dakika inayopita bila tiba hufa seli za neva milioni 1.9, pamoja na nyuzi za neva zenye urefu wa kilomita 12 hivi. Kila saa, ubongo huo hupoteza kiasi ambacho kwa kuzeeka kwa kawaida kingechukua miaka 3.6.

Seli za neva zinapokufa humwaga kemikali iitwayo glutameti. Kwa kiasi kidogo, kemikali hiyo ni mjumbe. Ikizidi ni sumu, na huua seli za jirani ambazo zilikuwa bado nzima. Astrosaiti ndizo zenye kazi ya kuinyonya.

Lakini nazo zinahitaji nishati. Katikati ya eneo lililokosa damu hushindwa na kufa pamoja na wengine. Pembeni, kwenye ukingo ambako damu kidogo bado inapita, huendelea kupambana. Ukingo huo ndio unaogombewa: seli zake zina njaa, zimenyamaza, lakini zingali hai. Damu ikirudi mapema, sehemu kubwa yake inaweza kupona.

Watafiti wa Boston, wakiongozwa na Kazuhide Hayakawa na Eng Lo, walionyesha mwaka 2016 kwamba kwenye panya waliopata kiharusi, astrosaiti huzitumia seli za neva hata mitokondria, vile viwanda vidogo vya nishati vilivyomo ndani ya seli. Ni kama jirani kukupitishia jiko lake juu ya ua baada ya lako kuzimika.

Askari wa doria nao hawalali. Mwaka 2005 makundi mawili ya watafiti yalichungulia kwa hadubini ubongo wa panya hai na kuona mikono ya maikroglia ikipapasa huku na huko bila kupumzika, hata pasipo na jeraha. Watafiti walipotoboa kijeraha kidogo kwa mwale wa leza, mikono hiyo ilielekea huko ndani ya dakika chache na kukizingira.

Papo hapo kuna upande wa pili. Astrosaiti zina milango midogo ya kupitisha maji, ambayo ni ya jamii ya milango iliyompatia Mmarekani Peter Agre Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 2003. Baada ya kiharusi, maji huingia kwa milango hiyo na seli huvimba. Fuvu ni mfupa, halitanuki, kwa hiyo ubongo unaovimba hujibana wenyewe. Utafiti uliochapishwa mwaka 2000 ulionyesha kuwa panya waliozaliwa bila milango hiyo walipata uvimbe mdogo zaidi baada ya kiharusi. Mlango unaosaidia siku za kawaida ndio unaoleta mafuriko siku ya msiba.

Kovu: boma au kizuizi?

Siku zinazofuata, astrosaiti zilizo karibu na jeraha hunenepa, huongezeka na kushikana. Matokeo yake ni kovu linalozunguka sehemu iliyokufa. Hili hutokea baada ya kiharusi, baada ya pigo la kichwa na baada ya jeraha la uti wa mgongo.

Kwa miaka mingi kovu hilo lilichukuliwa kuwa adui. Nyuzi za neva zinazojaribu kuota upya hukwama hapo. Mwaka 2002 watafiti wa London waliwapa panya wenye majeraha ya uti wa mgongo kimeng'enya kinachotafuna baadhi ya molekuli za kovu, na panya hao wakarudisha sehemu ya uwezo wao wa kutembea. Ilionekana dawa imepatikana: vunja kovu, fungua njia.

Miaka miwili baadaye, kikundi cha Michael Sofroniew huko Los Angeles kiliuliza swali tofauti: je, ikiwa kovu halitajengwa kabisa? Waliondoa astrosaiti zinazolijenga kwenye panya waliojeruhiwa uti wa mgongo. Jeraha lilisambaa, seli za kinga zikavamia sehemu zilizokuwa salama, seli nyingi zaidi za neva zikafa, na panya wakadhoofika kuliko wale waliobaki na kovu.

Mwaka 2016 maabara hiyohiyo ilieleza kwamba kuondoa kovu hakukuziwezesha nyuzi kuota, na kwamba seli za kovu hutoa hata baadhi ya molekuli zinazosaidia nyuzi kukua. Mjadala haujafungwa. Lakini picha ya kovu kama ukuta mbaya tu imevunjika.

Mwaka uliofuata, Shane Liddelow na marehemu Ben Barres wa Chuo Kikuu cha Stanford walitoa kipande kingine cha maelezo. Walionyesha kwamba maikroglia zilizochochewa hutoa ishara tatu ambazo kwa pamoja huzigeuza baadhi ya astrosaiti kuwa hatari kwa seli za neva. Yaani mlinzi anaweza kumgeuza mlezi.

Ukiyaweka pamoja, matokeo haya yanafanana na jambo ambalo kila mtu wa mpakani amewahi kuliishi. Kukiwa na hatari, mpaka hufungwa, na kuufunga huokoa watu. Ukibaki umefungwa baada ya hatari kupita, biashara hufa.

Funzo la dawa iliyozidisha vifo

Ugumu wa kuingilia kazi hii ulionekana wazi kwa binadamu, si kwa panya. Kwa zaidi ya miaka 30 madaktari katika nchi mbalimbali waliwapa majeruhi wa kichwa dawa za jamii ya steroidi. Hoja ilikuwa ya kuaminika: steroidi hutuliza mwitikio wa kinga na kupunguza kuvimba.

Jaribio kubwa la kimataifa lililoitwa CRASH liliandikisha watu wazima 10,008 walioumia kichwa, nusu wakipewa dawa hiyo na nusu wakipewa isiyo na kitu. Lilisimamishwa mwaka 2004. Ndani ya wiki mbili, asilimia 21.1 ya waliopewa steroidi walikuwa wamefariki, dhidi ya asilimia 17.9 ya wengine.

Jaribio hilo halikuchunguza seli za glia, na halisemi kwa nini vifo viliongezeka. Lililosema lilitosha: kutuliza kila kitu kwa mkupuo si sawa na kuponya. Hadi leo hakuna dawa ya kawaida ya hospitali inayozilenga seli hizi moja kwa moja kwa mgonjwa wa kiharusi.

Kilichopo ni kuziwahi kabla hazijazidiwa. Kwa kiharusi cha kuziba, dawa ya kuyeyusha bonge la damu hutolewa ndani ya saa nne na nusu tangu dalili zianze. Kabla yake lazima mgonjwa apigwe picha ya CT, kwa sababu dawa hiyo ikipewa mtu ambaye mshipa wake umepasuka inaweza kumuua. Kwa macho matupu, hata daktari hawezi kuzitofautisha aina hizo mbili kwa uhakika.

Tatizo lililo mlangoni

Kiharusi si ugonjwa wa mbali. Kati ya mwaka 2003 na 2006 watafiti waliwafuatilia wakazi wa Wilaya ya Hai, mkoani Kilimanjaro, na wa sehemu ya Dar es Salaam. Matokeo yalichapishwa mwaka 2010. Baada ya kurekebisha tofauti za umri, viharusi vipya kwa mwaka vilikuwa 108.6 kwa kila watu 100,000 huko Hai, na 315.9 Dar es Salaam. Kiwango cha Dar es Salaam kilizidi kile cha tafiti nyingi za nchi zilizoendelea.

Utafiti mwingine katika maeneo hayohayo, uliochapishwa mwaka 2008, uliwauliza watu wanakielewaje kiharusi. Huko Hai wengi walitaja presha, vyakula vya mafuta na mawazo. Dar es Salaam wengi walitaja mapepo na uchawi. Imani ya mtu ni yake, lakini anayeanzia kwa mganga huku dakika zikihesabiwa hufika hospitali wakati ukingo ule wenye njaa umekwisha kufa.

Mwaka 2016 utafiti wa INTERSTROKE, uliohusisha nchi 32 ikiwamo Uganda, ulibaini kwamba mambo kumi yanayoweza kurekebishwa yanahusika na takriban asilimia 90 ya viharusi. La kwanza ni shinikizo la damu.

Hapo ndipo maisha ya njiani yanapouma. Anayelala kwenye basi leo na nyumba ya wageni kesho, anayekula chipsi na nyama choma usiku, ni rahisi kuruka vidonge vya presha. Dozi ikiisha upande wa pili wa mpaka, husema atanunua akirudi. Presha haina subira hiyo, na mara nyingi haina dalili.

Kwa wanaopanda bodaboda kuwahi soko, hatari ni pigo la kichwa. Mapitio ya tafiti nyingi yaliyochapishwa mwaka 2008 yalionyesha kuwa kofia ngumu hupunguza uwezekano wa dereva au abiria wa pikipiki kuumia kichwa kwa asilimia 69. Aliyegonga kichwa anaweza kuamka, akaongea, akacheka, kisha damu inayovuja taratibu ikamzidi saa kadhaa baadaye. Akitapika mara kwa mara, akizidiwa na usingizi, akichanganyikiwa au mboni moja ya jicho ikiwa kubwa kuliko nyingine, arudishwe hospitali mara moja.

Upande wowote wa mpaka

Dalili za kiharusi zinakaguliwa kwa dakika moja. Mwambie mtu atabasamu: je, upande mmoja wa uso umelegea? Mwambie anyanyue mikono yote miwili: je, mmoja unashuka? Mwambie arudie sentensi fupi: je, maneno yameparaganyika? Jibu likiwa ndiyo hata kwa moja, ni safari ya hospitali, hata kama dalili zinaonekana kupungua.

Asipewe chakula, maji wala soda, kwa kuwa koo linaweza kuwa limelegea na akapaliwa. Asipewe aspirini kabla ya picha, kwa sababu kama mshipa umepasuka itazidisha damu kuvuja. Akipoteza fahamu, alazwe kwa ubavu.

Kishawishi cha kwanza kwa aliye ugenini ni kurudishwa nyumbani, kwenye ndugu na lugha yake. Kwa kiharusi, kishawishi hicho ni ghali. Hospitali inayofaa ni ile iliyo karibu zaidi yenye mashine ya CT, iwe upande huu au ule. Ndugu wanaweza kumfuata. Seli zilizokufa hazifuatwi.

Vikundi vya wafanyabiashara vinavyojua bei ya mahindi pande zote mbili na saa anayoingia zamu kila ofisa vinaweza pia kujua hospitali ipi, kila upande, ina CT inayofanya kazi usiku, nani ana gari, na nauli ni kiasi gani. Taarifa hiyo hutafutwa siku ya amani.

Baada ya hatari ya kwanza kupita, kazi huhamia kwenye miezi. Chembe changa za oligodendrosaiti hujaribu kufunika upya nyuzi zilizovuliwa ala. Astrosaiti zilizojenga boma hushiriki pia katika kuunda miunganisho mipya. Sehemu kubwa ya nafuu huonekana katika miezi mitatu ya kwanza, ingawa huweza kuendelea baadaye.

Hata hapa muda una masharti yake. Jaribio la AVERT, lililotoa matokeo mwaka 2015 baada ya kuhusisha wagonjwa 2,104 katika nchi tano, lilionyesha kwamba kumwinua mgonjwa mapema mno na kwa mazoezi mengi, ndani ya saa 24 za kwanza, kulipunguza uwezekano wa kupona vizuri. Kuanza taratibu kwa maelekezo ya wataalamu, kisha kutoacha, ndiyo njia. Mgonjwa aliyefichwa chumbani kwa aibu, asiyeshikishwa kikombe wala kuongeleshwa, ananyimwa miezi ambayo ubongo wake ulikuwa tayari kujifunza.

Anayeuza nyanya anaelewa hesabu ya namna hii. Shehena iliyofika mpakani asubuhi ikiwa nzima, jioni inaweza kuwa hasara tupu, bila mtu yeyote kuigusa.

Hospitalini, swali la kwanza la daktari halitahusu uraia wala mzigo. Atauliza: ilianza saa ngapi? Mgonjwa mwenyewe huenda asiweze kusema. Aliyekuwa nyuma yake kwenye foleni, aliyeziona karatasi zikidondoka na kutazama saa, ndiye mwenye jibu.